Salamu za Pooram, na za tembo pia

Heri ya Vishu, sikukuu ya mwaka mpya, na heri ya Pooram inayokuja, sherehe ya mahekalu yenye ngoma na tembo, kwa ndugu zetu wote wa Kerala, kusini mwa India: mlioko nyumbani Thrissur na Palakkad, na mliotawanyika Muscat, Doha, Dubai, Nairobi na Dar es Salaam. Salamu kwa chetta, yaani kaka, wa dukani anayetukopesha mpaka mwisho wa mwezi bila kununa, na kwa chechi, dada yetu, anayekesha zamu ya usiku hospitalini. Mwezi wa Medam umeingia, maua ya manjano ya konna yamewekwa mbele ya Krishna, na watoto wameshapewa vijisenti vyao vya Vishu. Mwaka uwe wa neema, na wazazi mliowaacha kijijini Mungu awape umri.

Sisi Waswahili tunaoishi Ghuba tunaujua msimu huu kwa simu zenu. Mapumziko ya chai yakifika, video zinaanza: ngoma za chenda, vumbi, umati wa watu na safu ya tembo waliovishwa dhahabu usoni. Na maoni hayakosekani! Huyu kainua kichwa vizuri, yule kachoka, yule wa kati ndiye mfalme. Wapo tembo wenye mabango yao barabarani na mashabiki wanaowafuata sherehe kwa sherehe.

Kwa wasioijua, Pooram ya Thrissur ilianzishwa na Sakthan Thampuran, mfalme wa Cochin aliyetawala kuanzia 1790 hadi 1805. Husimuliwa kwamba mahekalu ya Thrissur yalichelewa kufika Pooram ya Arattupuzha kwa sababu ya mvua kubwa, yakafungiwa mlango. Waliporudi na kumlilia mfalme, akaamua wawe na Pooram yao wenyewe, palepale mbele ya hekalu la Vadakkunnathan. Tangu hapo kuna pande mbili kuu, Paramekkavu na Thiruvambady, na ushindani wao ni wa Simba na Yanga: wa kurithishana, na wenye utani mwingi. Upande mmoja hutengeneza miavuli yake ya hariri kwa siri, upande wa pili usijue rangi wala umbo mpaka saa ya kuionyesha.

Jioni jua likikaribia kuzama, tembo 15 wa huku hupangwa wakitazamana na 15 wa kule. Juu ya kila mgongo wapo watu. Mmoja ameshika mwavuli, wengine mapepeo ya manyoya ya tausi na migwisho myeupe ya singa. Upande mmoja unabadilisha miavuli yote kwa mpigo, umati unapiga kelele, na upande wa pili unajibu kwa rangi nyingine. Kabla ya hapo, chini ya mti wa elanji, wapigaji zaidi ya 200 wa chenda, zumari, pembe na matoazi wamekwisha kupiga kwa zaidi ya saa mbili, wakianza taratibu na kupanda hadi watu wote wananyanyua mikono hewani. Ukiwauliza Wamalayali, yaani watu wa Kerala, wanaoishi mbali wanakumbuka nini, wengi watataja ngoma hizo kabla ya chakula.

Ila macho yangu huenda kwa tembo. Tazama nettipattam, pambo la usoni: kitambaa kilichoshonewa vipande vya shaba vilivyopakwa dhahabu, vingine vya duara, vingine umbo la mwezi mwandamo, kikiteremka kutoka kipaji cha uso hadi katikati ya mkonga. Kila tembo akitikisa kichwa, vinameta. Sasa shuka na macho mpaka miguuni, mahali ambapo wapiga picha hawapigi. Kuna mnyororo. Kwa wengine, ngozi iliyo chini ya mnyororo huo ina kovu la miaka mingi, kijivu kilichogeuka waridi. Dhahabu na chuma vyote viwili viko kwa mnyama mmoja, na anayesifu kimoja hana budi kukitazama na cha pili.

Mapenzi yapo, wala si ya kuigiza. Pale Guruvayur kuna sanamu ya Kesavan, tembo aliyetolewa hekaluni na ukoo wa kifalme wa Nilambur, akahudumu zaidi ya miaka hamsini. Alikufa tarehe 2 Desemba 1976, siku ya Ekadasi, sikukuu ya mfungo ya hekalu lake, na watu husimulia kwamba alianguka akiwa ameelekeza uso hekaluni, mkonga juu. Kila mwaka tembo wenzake hupelekwa mbele ya sanamu yake, nayo huvishwa shada la maua. Wala si Wahindu peke yao wenye mapenzi hayo. Waislamu wa Kerala wana nercha zao, sherehe za kuwakumbuka mawalii, na tembo huandamana. Makanisa nayo yana siku zao. Huko tembo ni heshima ya mji mzima, awe wa dini yoyote.

Sisi wa pwani hatuna ubavu wa kumhubiria mtu katika hili. Kwa karne nyingi tembo wetu aliifikia India akiwa pembe tupu, na katika karne ya 19 zikipakiwa Zanzibar kwenda Bombay. Basi nisemayo nayasema kama jirani.

Tembo wa kiume, akishakomaa, huingia kipindi cha mori. Majimaji mazito humchuruzika kati ya jicho na sikio, damu inachemka, hasikii la mtu, hata la pappan wake, mchungaji aliyemlea. Porini angetembea tu. Kifungoni hufungwa minyororo kwa majuma, pengine miezi. Na wanaotakiwa kwenye sherehe ni hao hao madume, kwa kuwa majike wa Asia hawana pembe ndefu. Ongeza jua la Aprili, lami inayounguza nyayo, safari za lori kutoka sherehe hii hadi ile, na fataki juu ya masikio yale. Januari 2025, kwenye nercha huko Tirur, tembo alimnyanyua mtu na kumrusha, naye akafa baadaye. Mwezi uliofuata, Koyilandy, fataki zilimshtua tembo hekaluni, akamvamia mwenzake, na watu watatu wakapoteza maisha. Tukio likishatokea watu husema tembo kapagawa. Mimi nadhani alivumilia mpaka akashindwa.

Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Kerala ilitoa masharti: mita 3 kati ya tembo na tembo, mita 8 kati ya tembo na watu, mita 100 kutoka penye fataki. Mahekalu ya Thrissur yakalalamika kwamba kwa masharti hayo Pooram haitawezekana, na Desemba Mahakama ya Juu ya India ikayasimamisha. Piga hesabu mwenyewe: tembo 15 wana nafasi 14 baina yao, yaani mita 42, ukiacha upana wa miili. Kama safu haienei, basi wapunguzwe wawe tisa. Sijamsikia mtu yeyote akisema miungu huhesabu.

Wengine wameshakwenda mbali zaidi. Hekalu la Irinjadappilly Sree Krishna, mkoa huo huo wa Thrissur, tangu Februari 2023 lina tembo wa mashine: kilo 800, masikio yanapepea, mkonga unarusha maji. Wapo wanaocheka. Mimi nisingesafiri kwenda kumwona, nakiri, lakini waumini wanamaliza ibada na kurudi nyumbani wazima, na hakuna aliyefungwa mguu.

Sherehe ninayoipenda kuliko zote haina hata miavuli. Ni Aanayoottu, siku ya kwanza ya mwezi wa Karkidakam, katikati ya Julai, mvua ikiwa imeshika. Tembo huletwa Vadakkunnathan bila dhahabu, wakalishwa mmoja mmoja: tonge kubwa la wali uliochanganywa na sukari guru, samli na manjano, kisha ndizi, nanasi na miwa. Hawabebi mtu siku hiyo, wamealikwa kula. Msimu huo wengi wao hupumzishwa na kupewa dawa za asili, na pappan naye hupata nafasi ya kulala.

Na pappan asisahaulike katika salamu hizi. Analala karibu na mnyama wa tani nne, anamwogesha na kumsugua kwa kumbi la nazi, anamjua kuliko anavyowajua wanawe, na likitokea la kutokea yeye ndiye wa kwanza kuumia. Heri ya sikukuu kwako, ndugu. Upate mshahara wako kwa wakati.

Mnaokwenda Thrissur mwaka huu: simameni mbali na miguu yake, msimguse mkia, msimulike simu machoni, na mkiona majimaji yanamchuruzika shavuni, mwambieni polisi aliye karibu. Mtuletee chipsi za ndizi za kukaangwa kwa mafuta ya nazi, zile za chumvi. Video tutazitazama wote wakati wa chai.