Mwanangu, dirisha la kusini si la kwetu

Mwanangu mpendwa,

Asalaam alaykum. Sisi huku Lindi wazima, kifua cha baba yako kimetulia, na kusi limeanza kupunguza makali. Picha za maua yako nimezitazama hapa kitaluni kwa utulivu, wateja walipopungua. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua: ukisikia unasahau. Nakuandikia, ubandike hata mlangoni kwa friji.

Nianze na lile lenye majani yaliyochanika, monstera. Unasema umesoma kwenye simu kwamba dirisha la kusini ndilo lenye mwanga kuliko yote, ndiyo maana ukalitoa sebuleni ukalihamishia dirisha la nyuma, upande wa jikoni. Aliyeandika hayo hakusema uongo. Ila yeye anaandikia watu wa Uingereza na Uholanzi, na huko jua halifiki utosini hata siku moja. Mwaka mzima saa sita mchana liko kusini kwao. Sisi tuko nyuzi 10 upande wa pili wa ikweta. Kwenu Mtwara na kwetu Lindi, jua la adhuhuri linakaa upande wa kibla tangu mwisho wa Februari mpaka Oktoba. Na kibla chetu ni kaskazini hasa, maana Makka iko juu yetu moja kwa moja kwenye ramani, kwa hiyo huhitaji dira. Mkeka wako wa kuswalia unatosha.

Usiniamini mimi, toka uani leo ikiadhiniwa adhuhuri uangalie kivuli chako. Kimelala kusini. Karibu na tarehe 20 Oktoba kitakuwa chini ya nyayo zako, kisha kitageukia kibla mpaka karibu na tarehe 22 Februari. Sasa hesabu mwenyewe: dirisha lile la jikoni tangu Aprili halijaonja jua. Linachopata ni upepo wa kusi na moshi wa maandazi yako.

Ndiyo sababu jani jipya limetoka dogo, zima, halina hata mkato mmoja, na kikonyo chake kimerefuka na kuinamia kioo. Ua lina njaa ya mwanga. Wewe umeona limedhoofika ukaongeza maji, na hapo ndipo wengi wanapoua maua yao. Ua lililo gizani halinywi. Udongo unakaa na unyevu wiki nzima, mizizi inaoza, majani yanageuka manjano, mtu anasema "limekosa maji" na kuongeza kopo jingine. Acha kumwagilia mpaka uingize kidole udongoni mpaka kiungo cha pili ukute pakavu.

Yale mabaka ya kahawia kwenye majani makubwa ni habari nyingine. Uliniambia Jumamosi ulilitoa barazani "lipate jua" mpaka jioni. Hayo ni majeraha ya jua. Jani lililokulia kivulini halina kinga. Ukilitupa kwenye jua la saa saba linababuka siku hiyo hiyo, na pale lilipoungua panakauka kama karatasi. Hapatapona, na si ugonjwa, kwa hiyo usinunue dawa yoyote hata muuzaji akuapie. Wala usiyakate majani hayo kama sehemu kubwa bado ni kijani. Yanalisha ua mpaka mapya yatoke.

Fikiria lilikotoka. Kwao ni misitu ya kusini mwa Meksiko kushuka mpaka Panama. Huanza maisha chini, kwenye kivuli cha miti mikubwa, halafu hutafuta shina la kupandia kufuata mwanga. Huko juu pana mwanga mwingi, lakini umekwisha kuchujwa na majani ya wenzake. Basi wewe nyumbani upange hivyo hivyo: mwanga mwingi, jua lenyewe lisilipige isipokuwa la asubuhi.

Lirudishe sebuleni, dirisha la kibla. Miezi hii jua linaingia kwa dirisha hilo, kwa hiyo liweke kama hatua moja na nusu kutoka kwenye kioo, au lisogeze karibu lakini nyuma ya pazia jepesi. Ikifika Novemba jua litahamia ng'ambo ya paa na mawingu ya mvua yataanza. Hapo lisukume mpaka karibu kabisa na kioo. Dirisha la chumbani kwenu linalotazama magharibi liache kabisa. Jua la baada ya alasiri linaingia chini chini, limeshapasha hewa na ukuta, halina huruma. Kama ungekuwa na dirisha la mashariki ningekwambia uweke hapo nisiendelee kuandika.

Na usiyaamini macho. Macho yetu yanazoea giza upesi, tunaona sebule ina mwanga kumbe ua linafunga. Nje saa sita mchana penye jua kali mwanga unafika kama laksi 100,000 (laksi ndiyo kipimo cha mwanga). Pembeni mwa kochi, mbali na dirisha, unaweza usifike hata 500. Halafu nyumba uliyopanga ina vile vioo vya aluminiamu vya rangi ya kahawia, nyuma yake wavu wa mbu, na paa limetokeza mbele. Kila kimoja kinakata chake. Sina ugomvi na mwenye nyumba, anazuia joto, ila maua yako inabidi yakae karibu na dirisha kuliko ya nyumba yenye kioo cheupe.

Saa sita mchana weka kiganja juu ya jani, kama shubiri moja. Kivuli cha vidole kikiwa na ncha kali na mkono ukahisi joto, lisogeze ndani. Kikionekana lakini kingo zimefifia, umepapata. Usipoona kivuli chochote, hapo ni pa kuweka redio.

Sasa ua lako la pili, ZZ, lile lenye majani mazito yanayong'aa. Hilo la ukumbini halina shida, linavumilia mwanga hafifu, maana chini ya udongo lina viazi vinavyohifadhi maji. Wateja hunilipa bei nzuri wakidhani ni ua la Uholanzi, na kweli Waholanzi ndio waliolitangaza sokoni miaka ya 1990, lakini asili yake ni Afrika Mashariki yetu hii, Tanzania ikiwemo. Sibishani nao, nachukua pesa. Ila yote mawili, hilo na monstera, yakitafunwa yanawasha mdomo na koo vibaya. Mjukuu wangu ameanza kutambaa. Yapandishe juu ya meza leo, usingoje kesho.

Majani uyafute kwa kitambaa kibichi. Hapo kwenu Shangani chumvi ya bahari na vumbi vinayafunika, na jani chafu halioni mwanga. Chungu ukizungushe robo kila unapomwagilia, lisiinamie upande mmoja.

Kulihamisha hilo monstera nako kuwe kwa hatua. Miche yetu ya mipapai hatuivui makuti siku moja, tunayapunguza kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Lisogeze vivyo hivyo kuelekea dirishani.

Nimelisokotea makumbi ya nazi kwenye mti wa kuegemea. Nitampa konda wa basi la asubuhi, umpokee stendi. Funga shina, usifunge vikonyo vya majani, na ile mizizi ya hewani ielekeze kwenye makumbi, kisha uyalowanishe mara kwa mara. Baba watoto msalimie sana, na umwambie korosho alizoagiza ziko kwenye mfuko huo huo.

Mama yako,
Lindi