Wahafidhina hawamtazami binadamu kwa jicho moja

Mheshimiwa Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu siasa za mrengo wa kulia ilidai kwamba wahafidhina wote, yaani wanaopenda kulinda mila na taasisi zilizopo kuliko kuzibadili ghafla, huanzia mahali pamoja: binadamu ni mbaya, kwa hiyo lazima atawaliwe kwa mkono wa chuma. Dai hilo linamfaa Joseph de Maistre, mwandishi aliyepinga Mapinduzi ya Ufaransa, na wafuasi wake wachache. Ukimbandika Burke, mbunge na mwandishi wa Uingereza wa karne ya 18, au Disraeli na Thatcher, waliokuwa mawaziri wakuu wa nchi hiyo, halishiki. Karibu wahafidhina wote wanakubali kwamba binadamu ana kasoro; wanachogombania ni kasoro yenyewe iko wapi. Iko kwenye akili, kwenye nafsi, au kwenye hofu yake ya kukosa mahali pa kuita kwao? Kila jibu limezaa sheria zake, na sheria hizo zimewaumiza au kuwafaa watu tofauti.

Nianze na Edmund Burke, maana ndiye anayesingiziwa zaidi. Kitabu chake juu ya Mapinduzi ya Ufaransa kilitoka Novemba 1790, miaka zaidi ya miwili kabla Mfalme Louis wa 16 hajakatwa kichwa. Hakusema Wafaransa ni waovu. Alisema akiba ya akili ya mtu mmoja, hata awe msomi namna gani, ni ndogo, na kwamba mila na desturi zimebeba yale ambayo vizazi vingi viliyajaribu na kuyaona yanafaa. Ndiyo sababu aliiogopa serikali inayochorwa mezani na kuanza upya kila kitu kwa mpigo: ikiharibika, hakuna ajuaye ni sehemu gani iliyoharibika. Kwa hoja hiyohiyo alitabiri jambo mahususi. Ukiyafuta mazoea yanayomfanya raia atii bila kushurutishwa, kinachobaki kuishikilia nchi ni jeshi, na siku moja atatokea jenerali anayependwa na askari ambaye atakuwa bwana wa wote. Burke alifariki mwaka 1797. Napoleon alitwaa madaraka Novemba 1799.

Makala haikutaja pia kwamba Burke alitaka Uingereza ipatane na makoloni ya Marekani badala ya kuyapiga, wala kwamba alisimamia mashtaka dhidi ya Warren Hastings, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Bengal, India. Kesi ilisikilizwa tangu 1788 hadi 1795, na Hastings akaachiwa huru. Kushindwa huko hakuondoi maana ya kesi: kwa Burke, mtawala naye ni binadamu, ana kasoro ileile, na anapaswa kubanwa.

Hapo ndipo de Maistre anapoachana naye. Kwake yeye kasoro ni dhambi ya asili, imo damuni, na utaratibu wote wa dunia umesimama juu ya mnyongaji, mtu anayechukiwa na kila mmoja lakini ukimwondoa jamii inasambaratika. Swali linalomsumbua kila anayepita njia hii ni jepesi: kama wote wameoza, mfalme asiyeoza katoka wapi? De Maistre alijibu kwa kumweka Papa juu ya wafalme. Asiyemkubali Papa amebaki na mnyongaji tu.

Michael Oakeshott, mwanafalsafa wa Uingereza, katika insha yake ya mwaka 1956, aliukwepa ugomvi wote. Kwake uhafidhina ni mwelekeo wa tabia, kukipenda kilichopo kuliko kinachoahidiwa, na hauhitaji imani yoyote maalumu kuhusu dhambi. Nakiri jibu hilo linanipendeza kwa usomaji kuliko kwa matumizi; huwezi kuandika bajeti kwa tabia.

Disraeli aliweza. Chama chake cha Conservative kiliona kwamba mtu wa kawaida anataka usalama na kujua yeye ni wa wapi, na kwamba watu hawakuzaliwa na uwezo sawa, hivyo mwenye nacho ana wajibu kwa asiye nacho. Mwaka 1867 kura iliongezwa kwa wafanyakazi wa mijini. Mwaka 1875 zikapitishwa sheria ya afya ya umma na sheria ya kubomoa vibanda na kuwajengea wafanyakazi makazi. Ila hiyo ya makazi iliziruhusu halmashauri, haikuzilazimisha, na ni miji michache tu iliyoitumia. Kosa lilitoka moja kwa moja kwenye picha yao ya binadamu: walidhani mwenye nacho akikumbushwa wajibu atautimiza, ilhali walipa kodi wa mji walikuwa wanatazama mifuko yao.

Mrengo Mpya wa Kulia wa miaka ya 1980, wa akina Thatcher, ndio uliochanganya mambo. Kuhusu uchumi ulimfuata mwanauchumi Friedrich Hayek, ambaye mwaka 1960 aliandika waziwazi kwa nini yeye si mhafidhina. Naye alianza na udogo wa akili kama Burke, lakini aliyemlenga ni afisa wa serikali anayepanga uchumi: hakuna ofisi inayoweza kukusanya yale ambayo mamilioni ya wanunuzi wanayajua kuhusu mahitaji yao, basi waachiwe. Kwa hiyo Thatcher alishusha kiwango cha juu cha kodi ya mapato kutoka asilimia 83 hadi 60 mwaka 1979, kisha hadi 40 mwaka 1988. Sheria ya makazi ya 1980 ilimruhusu mpangaji wa nyumba ya halmashauri aliyekaa angalau miaka 3 kuinunua nyumba yake kwa punguzo la asilimia 33, likiongezeka asilimia 1 kila mwaka hadi kikomo cha 50. Imani ilikuwa kwamba mtu akimiliki atabadilika. Nyumba zaidi ya milioni moja ziliuzwa kabla hajaondoka mwaka 1990, lakini halmashauri zilibanwa zisitumie sehemu kubwa ya fedha hizo kujenga nyingine, na nyumba nzuri ndizo zilizotangulia kwenda.

Mrengo huohuo, ukifika mtaani, unamwona binadamu mwingine kabisa. Dukani anajua anachotaka. Kona ya barabara, dirisha moja likivunjwa lisitengenezwe, anajiachia. Wapo wanaojitetea kwamba mhalifu naye hupiga hesabu na kifungo ni bei tu. Sawa, tuitazame bei. Sheria ya California ya 1994 iliweka kifungo cha miaka 25 hadi maisha kwa kosa la tatu, hata kama hilo la tatu si la kutumia nguvu. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikubali adhabu hiyo kwa mtu aliyeiba fimbo tatu za gofu, kila moja ikiuzwa dola 399. Mnunuzi mwenye hesabu zake asingelipa bei hiyo. Wapiga kura wa jimbo hilo waliilegeza sheria mwaka 2012.

Huku kwetu Kenya uhafidhina huo wa sokoni ulikuja na mikopo, ndiyo maana wengi wanaudhani ni mmoja. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilihimiza nchi maskini ziwatoze wagonjwa, mojawapo ya hoja ikiwa kwamba kinachotolewa bure hutumiwa ovyo. Huyo ni binadamu wa sokoni, kahamishiwa kwenye foleni ya zahanati, ambako mgonjwa hajui kama homa yake ni ya kungoja au ya kuua. Kenya ilianza kutoza Desemba 1989, nchi nzima kwa wakati mmoja. Wagonjwa wa nje walipungua vibaya, na Septemba 1990 ada yao ya kujiandikisha ikasimamishwa. Ada zilipofufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilirudi kwa awamu, zikianzia hospitali kubwa kabla ya kushuka chini.

Msomaji wenu,
Mombasa