Barua kwa Mwanaidi, anayefungua kliniki ya usingizi

Mpendwa rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Nimefurahi mno kusikia kwamba hospitali imekukubalia utenge siku moja kila wiki, ndani ya kliniki yako ya afya ya akili, kwa ajili ya wasiolala vizuri. Umeniuliza uanzie wapi nawe huna maabara ya usingizi. Anza na muda. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa maswali, na mgonjwa mpya anahitaji dakika 45 hadi saa nzima. Ukimpa dakika 10 atatoka na diazepamu, dawa ya kutuliza, maana dakika 10 hazitoshi kwa kitu kingine.

Swali la kwanza: mchana anachoka au anasinzia? Wagonjwa huyataja yote mawili kwa pumzi moja, nawe uyatenganishe. Yupo aliyechoka hoi, lakini hata umlaze saa nane mchana hapati hata lepe. Huyo mara nyingi ana ugonjwa wa kukosa usingizi. Yupo mwingine anayesinzia kwenye daladala, kanisani, msikitini, hata katikati ya mazungumzo. Huyo wa pili usimwandikie dawa ya usingizi kabla hujajua pumzi yake ikoje usiku, analala saa ngapi kwa kweli, na anatumia dawa gani.

Kuhusu pumzi, shahidi ni anayelala naye, kwa hiyo mwambie aje naye. Je, anakoroma kiasi cha kusikika chumba cha pili? Mkoromo huo hukatika ghafla, pakawa kimya, kisha akashtuka kama mtu anayeibuka majini? Anaamka kukojoa mara kwa mara, kinywa kikavu, kichwa kinauma asubuhi, presha haishuki kwa dawa? Kuna dodoso la maswali 8 liitwalo STOP-Bang, lililotungwa Toronto, na unachohitaji ni utepe wa fundi cherehani, mizani na kipimo cha presha: shingo inayozidi sentimita 40 ni alama moja, umri unaozidi miaka 50 ni nyingine. Alama 5 au zaidi, hatari ni kubwa. Kwenye maabara, pumzi iliyokatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Mara 5 kwa saa ndipo ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini unapoanza, kuanzia 15 ni wa wastani, kuanzia 30 ni mkali. Tiba yenyewe ni mashine ya kusukuma hewa puani, aliyoieleza Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1981. Kabla hajaipata, alale ubavu, aache pombe, apunguze uzito.

Nimelikazania hili kwa sababu mgonjwa wa namna hii huletwa kwetu sisi wa akili. Hana nguvu, amepoteza hamu ya tendo la ndoa, anasahau, anakasirika haraka; anaonekana mwenye sonona, na pengine kweli anayo. Akipewa diazepamu, misuli ya koo hulegea zaidi. Akipewa olanzapini ya magonjwa ya akili au mirtazapini ya sonona, uzito hupanda na koo huzidi kubanwa. Dawa inaandikwa kwa nia njema na ugonjwa unakua.

Swali la pili ni miguu. Mtu atakwambia wadudu wanamtambaa ndani ya mifupa usiku, na daktari wa akili mwenye haraka ataandika kwamba anahisi visivyokuwepo. Mwulize mambo manne: kuna hamu kubwa ya kuichezesha miguu? Inaanza akitulia? Inapungua akitembea? Inazidi jioni na usiku? Majibu yote yakiwa ndiyo, ni ugonjwa wa miguu isiyotulia; angalia kadi yake ya dawa. Piritoni na promethazini za mzio, metoklopramidi ya kuzuia kutapika, amitriptilini na fluoksetini za sonona, na haloperidoli ya magonjwa ya akili, zote zaweza kuichochea hali hii. Na uchungu wake ni kwamba promethazini ndiyo wengi hupewa ili walale. Kama tatizo lilianza baada ya haloperidoli, likimsumbua mwili mzima mchana kutwa, hilo ni jingine: ni kutotulia kunakoletwa na dawa yenyewe, nawe upunguze dozi. Kisha pima feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini. Ikiwa maikrogramu 75 kwa lita au chini, mpe madini ya chuma hata kama damu inatosha. Ayameze na juisi ya chungwa, mbali na chai, na umpime tena baada ya miezi 3. Lakini feritini hupanda mwili ukiwa na maambukizi. Kipimo kilichochukuliwa wakati wa malaria kitakudanganya kwamba chuma kipo tele.

Swali la tatu usilisahau hata siku moja: usiku asipolala, kesho yake yukoje? Aliyelala kwa muda wa saa 3 tu akaamka mchangamfu, ana mipango kumi, anaongea bila kituo na kutumia fedha ovyo, huyo hajakosa usingizi; hauhitaji. Fikiria baipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi na kushuka. Ukimpa dawa ya sonona peke yake unaweza kumpandisha kwenye mania, yaani huko kupanda kwa hisia kupita kiasi, na kumpunguzia saa za kulala kunaweza kufanya vivyo hivyo.

Sasa sonona. Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba kukosa usingizi ni dalili tu: tibu sonona, usingizi utarudi wenyewe. Mwaka 2013 DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, uliacha ule mgawanyo wa usingizi uliokosekana wenyewe na uliokosekana kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Sasa usingizi ukikosekana usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3, na mchana unaharibika, ni ugonjwa unaostahili tiba yake, sambamba na sonona. Nami nakubaliana nao kabisa, kwa sababu usingizi mbaya hubaki kwa wengi hata huzuni ikiisha, na ukibaki huirudisha huzuni. Pia humwongezea mtu hatari ya kujiua. Mwulize waziwazi kama anafikiria kufa. Swali halimtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimpe amitriptilini ya mwezi mzima kwenye pakiti moja. Dozi kubwa ya dawa hiyo huua kwa kuvuruga moyo. Mpe ya siku chache, mikononi mwa ndugu, naye arudi mapema.

Tiba ya kwanza kwa ugonjwa wa kukosa usingizi si kidonge. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza hivyo mwaka 2016: tiba ya mazungumzo na tabia kwanza. Uti wake wa mgongo ni daftari. Kila asubuhi, kwa wiki 2, aandike saa aliyopanda kitandani, muda aliokisia hadi kulala, mara alizoamka, saa ya kuamka kabisa na saa ya kutoka kitandani. Akisie tu, anayeangalia saa ya simu usiku kucha anajifukuzia usingizi mwenyewe. Kisha gawanya saa za kulala kwa saa za kukaa kitandani. Tuseme anapanda saa 3 usiku, anatoka saa 12 asubuhi, na wastani wa kulala ni saa 5 na nusu. Hizo ni saa 5.5 kwa 9, yaani asilimia 61. Saa 3 na nusu anagaagaa, na kitanda kimekuwa mahali pa kuhangaikia.

Mpe kitandani muda ule ule anaolala kwa kweli, lakini usishuke chini ya saa 5. Chagua kwanza saa ya kuamka, nayo isibadilike hata Jumapili. Kwa anayeamka kuswali alfajiri, saa 11 ndiyo nguzo, na asirudi kulala baada ya swala. Kwa hiyo atapanda saa 5:30 usiku. Wiki ikiisha, hesabu upya: akifika asilimia 85, mwongeze dakika 15, akiwa chini ya 80, mpunguzie 15, akiwa katikati, mwache hapo. Wiki 6 hadi 8 kwa kawaida zinatosha.

Mwambie mapema kwamba wiki mbili za mwanzo atasinzia zaidi, la sivyo ataacha siku ya nne akidhani umemharibia. Dereva wa lori au bodaboda, fundi wa mashine, mwenye kifafa na mwenye baipola usiwapunguzie hivi. Kwao bana muda kidogo kidogo, au simamia tu saa ya kuamka. Usianze Ramadhani pia, kwani tarawehe na daku huukata usiku vipande. Kinachoharibu mara nyingi ni kasinzio ka saa 2 usiku mbele ya televisheni. Kanalipa deni lote la usingizi, na saa 5:30 ikifika hakuna kilichobaki.

Asipolala kwa kama dakika 20 atoke kitandani, arudi macho yakiwa mazito. Utaulizwa: atoke aende wapi, na chumba ni kimoja na watoto wamelala? Akae nje ya chandarua, kwenye kiti au mkeka, taa hafifu, bila simu. Inatosha.

Kwa wanaomeza diazepamu miaka mingi, usiikatize ghafla. Degedege linaweza kuwapata. Punguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4, na uwaambie kwamba usiku chache mbaya baada ya kila hatua ni mwili unazoea, si ugonjwa unarudi. Anza ratiba ya daftari kabla ya kupunguza, ili wawe na cha kushika.

Mengine ni mepesi. Dolutegraviri, dawa ya VVU, ikimnyima mtu usingizi, aimeze asubuhi. Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe, hali kadhalika. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya kama saa 5, kwa hiyo kahawa ya barazani baada ya magharibi bado inamwamsha usiku wa manane, na miraa ndiyo kabisa. Aliyekabwa na jinamizi mwelezee kwamba ubongo umeamka kabla misuli haijafunguliwa kutoka kwenye ndoto, kwamba hupita kwa sekunde au dakika chache, na huja zaidi akiwa hajalala vya kutosha au amelala chali. Msikilize bila kumcheka, hata kama ameshapita kwa mganga.

Niandikie ukishapata madaftari matano ya kwanza. Funika majina, unipigie picha kurasa, tuzihesabu pamoja kabla hujampangia yeyote ratiba. Na muulize mtu wa maabara kama feritini inapimwa hapo au inapelekwa nje, na bei yake, kwa sababu hilo litaamua wangapi utaweza kuwapima.

Rafiki yako,
Salim