"Kuskani tu elfu themanini?" Jamani tuongee kuhusu hilo boksi lako

Wiki iliyopita kaka mmoja, katibu wa saccos huku Nzuguni, katoka ofisini kwetu, tunakopanga na kuskani majalada ya zamani, kanuna, anasema elfu themanini kwa boksi tunachaji kama tunauza kiwanja, eti stationari ya jirani wanaskani mia tano karatasi. Sikumjibu, alikuwa na hasira na mimi nilikuwa na njaa. Najibu hapa maana hili swali haliishi.

Kuskani ndo kazi ya mwisho na ndo rahisi. Boksi likifika haliingii ndani, linakaa kibarazani kwanza tuangalie mchwa, mnawajua mchwa wa Dodoma. Tunafagia vumbi kwa brashi laini, tunatoa pini za stepla na klipu moja moja kwa mkono maana zikishika kutu zinatoboa karatasi, alafu tunaandika namba za folio, yaani namba ya kila karatasi ndani ya jalada, kwa penseli, sio peni, na orodha: jalada namba fulani, linahusu nini, limeanza mwaka gani limeishia mwaka gani. Bila orodha hata ukiskani yote unabaki na mapicha elfu tatu kwenye flashi, utafute mwenyewe.

Sasa huyo kaka, ili kupunguza gharama, alimwambia mpwa wake atoe makaratasi yote kwenye majalada ayapange kwa miaka. Akatuletea kwenye salfeti, anajisifu kabisa. Ombi la mkopo liko huku, muhtasari wa kikao kilichopitisha uko kule, na kwenye jalada zilikuwa zinafuatana! Jalada linapangwa na aliyekuwa analifanyia kazi, ule mpangilio wenyewe ni ushahidi, usiuguse hata kama unauona wa hovyo. Tumekaa siku nne tunalinganisha matundu ya panchi na alama za kutu. Karatasi mbili zilizobanwa na klipu moja miaka ishirini zina doa la kahawia linalofanana, unaziweka juu ya dirisha mwanga upite, ukiona madoa yamekaa sawa unajua hizi zilikuwa pamoja. Nani anafanya hiyo kwa mia tano?

Kingine ni leminesheni, hapa huwa nagombana na watu. Mama mmoja wa Mpwapwa kalamineti barua ya toleo ya kiwanja ya marehemu mumewe "isichakae". Mama yangu, ile plastiki imeshikana na karatasi kwa moto, haitoki tena, kilichobaki ni kuskani hivyo hivyo na mng'ao wake. Na risiti za EFD ndo usithubutu kabisa, ile karatasi inaandikwa kwa joto, ukiipitisha kwenye mashine ya leminesheni inatoka nyeusi tii. Toa fotokopi siku hiyo hiyo uliyonunua, basi. Selotepu nayo hapana, gundi inageuka njano na inakula maandishi.

Na wale wa ofisi za umma mnaotaka tuwasaidie "kupunguza" mafaili kwa kuchoma, hatufanyi, kuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002, hazichomwi kienyeji.

Bei ni ile ile. Jalada likija lilivyo, na vumbi lake na pini zake, boksi elfu themanini. Ukija na salfeti tunaongea kwanza.