Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Umoja wa Wazazi na Walimu: Muda wa Baada ya Kengele ya Mwisho

Ndugu wazazi, walezi na walimu,

Katika shule ya kutwa, mtoto anaondoka kila jioni. Masomo ya ziada, mazoezi ya michezo na vyama vya wanafunzi vinagombea muda uleule mfupi kati ya kengele ya mwisho na basi kuondoka. Kamati yenu mwaka huu imehangaika zaidi na muda huo, na taarifa hii itakaa hapohapo. Mapato na matumizi mtayasikia kwa mweka hazina.

Nianze na masomo. Lalamiko lililotufikia mara nyingi ni majaribio kurundikana wiki moja. Kila mwalimu hutoa jaribio anapomaliza mada, na mada nyingi humalizika kipindi kimoja, katikati ya muhula na mwishoni. Tumekubaliana na walimu kuweka karatasi moja kubwa chumbani mwao, yenye safu ya kila darasa na kisanduku cha kila siku ya muhula. Mwalimu anaandika jaribio lake kabla wiki ya pili haijaisha. Siku ikishapata majaribio 2, imefungwa. Mpango huu huharibiwa na jaribio linaloahirishwa: likisogezwa kwa mdomo tu, linaangukia siku ambayo tayari imejaa. Kwa hiyo anayeahirisha hutafuta kwanza kisanduku kilicho wazi, ndipo awatangazie wanafunzi.

Kazi za nyumbani tumezipima kwa usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Chukueni kijana wa miaka 14 anayefika nyumbani saa 12 jioni na kuamka saa 11 alfajiri. Ili apate hata saa 8, lazima awe amelala saa 3 usiku. Zinabaki saa 3 za kuoga, kula, kukaa na wenzake nyumbani na kusoma. Akipewa kazi ya saa 2, kitakachokatwa ni usingizi, na kesho yake anasinzia kwenye kipindi cha kwanza. Ndiyo maana tuliomba kazi ianze darasani, dakika 10 za mwisho za kipindi. Anayekwama akwame mbele ya mwalimu, asije akakwama usiku mbele ya mzazi aliyesoma kwa mtaala mwingine.

Nyumbani, msimpime mtoto kwa muda aliokaa na daftari. Mwambieni alifunge, aandike anachokumbuka, kisha afungue na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Arudie mada ileile kesho yake, baada ya wiki na baada ya mwezi. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 vipimo alivyojifanyia mwenyewe, vikionyesha kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mara tu baada ya kujifunza. Kukesha na kitabu usiku wa kuamkia mtihani hakuzibi pengo hilo.

Upande wa michezo, timu zetu hupoteza zaidi kwenye mbio za kupokezana vijiti za mita 100 kwa wakimbiaji 4, na hazipotezi kwa kukosa kasi. Eneo la kupokezana lina urefu wa mita 30, na kinachoangaliwa ni kijiti kilipo, miguu ya mkimbiaji haihesabiwi. Anayepokea huweka alama chini nyuma yake, akiihesabu kwa nyayo, na huondoka kwa kasi yote mwenzake anapoikanyaga. Anayeleta akimfikia mapema na kumgonga, alama isogezwe mbali zaidi. Akishindwa kumfikia, isogezwe karibu. Mazoezi ya taratibu hayasaidii hapa, maana alama iliyopimwa kwa mwendo wa pole haifai siku ya mashindano. Mara chache kwa kasi kamili ndani ya dakika 20 zinatosha, na hazimnyimi mtoto basi.

Kuhusu kugongwa kichwa, hatutalegeza kamba. Mchezaji akionyesha kuchanganyikiwa, kizunguzungu, kutapika au kuumwa kichwa baada ya kugongwa, anatoka na harudi siku hiyo, hata akisema amepona. Maumivu yakizidi, akitapika tena na tena au akiwa mgumu kuamka, apelekwe hospitali papo hapo. Kurudi michezoni ni kwa hatua 6, kila hatua isipungue saa 24, na awe amemudu masomo ya siku nzima kabla ya kurudi kwenye mchezo wa kugongana. Wazazi, tafadhali msimshinikize mwalimu wa michezo kwa sababu kuna fainali Jumamosi.

Vyama vya wanafunzi vilikuwa vinakufa kimyakimya kwa sababu vilikutana siku za mazoezi, na mtoto alilazimika kuchagua. Sasa mdahalo, uandishi na sayansi vinakutana mapumziko marefu ya mchana, mara moja kwa wiki. Muda ni mfupi, hivyo mada ya mdahalo hubandikwa siku 3 kabla. Maktaba imeongezewa saa za kufunguliwa.

Basi nalo ni sehemu ya maisha ya shule. Uonevu mwingi hutokea pale mtu mzima asipoona, yaani viti vya nyuma na vyooni, kwa hiyo mhudumu wa basi sasa anakaa nyuma na wadogo wanakaa mbele. Orodha huitwa watoto wanapopanda na tena wanaposhuka. Kabla ya kufunga mlango mwisho wa safari, mhudumu hutembea hadi kiti cha mwisho na kuangalia hata chini ya viti, kwani mtoto aliyelala haonekani kutoka mbele.

Fomu za afya za mwaka ujao zirudi kabla ya mazoezi ya kwanza. Mwenye mtoto wa pumu aandike jina la dawa na mfuko wa begi inamokaa inhela. Mtoto ambaye fomu yake haijafika atahudhuria mazoezi, lakini hatakimbia.