Shoga, siri ya mkopo imetoka

Mama Ilham shoga angu, za Mwanza? Sisi huku Mbagala wazima, joto tu ndo linatumaliza. Nimeona nikuandikie badala ya kukurekodia voisi maana chumba chetu unakijua, nikiongea sebuleni anasikia hadi mpangaji wa pili na anaweza akachangia kabisa.

Ule mkopo wangu wa mtandaoni, ule unaoujua wewe peke yako, baba Zuwena kashajua. Kwahiyo akikupigia usijitie kunitetea ukasema hujui kitu, utaniharibia zaidi. Na aliyemwambia ni baba yake mzazi, tena mzee wa watu hana hata habari kama kamwambia.

Ilikuwa hivi. Baba mkwe alikuja toka Muheza kwa ajili ya macho, wakampima wakampa miwani. Basi miwani ina siku mbili tu mzee anasoma kila kinachopita mbele yake, kopo la maziwa, kalenda ya ukutani, mpaka lebo ya godoro. Jioni tumekaa, yeye kwenye kochi pale mlangoni, mimi chini kwenye mkeka huku kwa kabati, baba Zuwena kwenye stuli. Akasema mwanangu, hebu na mimi niione hiyo video ya mahafali ya mjukuu wangu.

Sasa niambie wewe ungefanyaje. Wifi alipokuja mwezi ule tuliiangalia hiyohiyo video tumelala kwenye mkeka, kidevu chake kwenye bega langu, simu mkononi mwangu na kidole changu mwenyewe, anaona ninachotaka aone, kikija cha ajabu naipitisha fasta. Lakini baba mkwe utamuwekea bega? Ukae naye ubavu kwa ubavu kwenye kochi mnachungulia kioo kimoja? Haiwezekani. Nikanyanyuka, nikapiga goti kidogo, nikampa simu kwa mikono miwili, nikarudi kwenye mkeka wangu. Yaani hizo hatua tatu nilizorudi nyuma ndo zimeniponza, heshima ilibaki na mimi kwa kabati, simu ikabaki kwa mzee.

Zuwena kaimba pale, mzee anacheka, mara nasikia kabadilika sauti, anasoma polepole kama mtu anayesoma risala: "Ndu-gu m-te-ja, m-ko-po wa-ko wa shi-li-ngi…" Meseji imedondoka juu ya video na yeye anajua ni maneno ya video! Akaisoma yote mama Ilham, shilingi 85,000, siku 4 za kuchelewa, na vile vitisho vyao vya kupigia watu walio kwenye simu yako. Akamaliza akaniuliza, hii ndo shule wameandika? Mimi nimeganda. Baba Zuwena kaangalia chini, akasema ndio baba, ada hiyo. Hakunisema mbele ya mzee, alinisema usiku, na usiku wenyewe kwa kunong'ona, si unajua ukuta wetu. (Hivyo vi-programu vya mikopo Benki Kuu, BoT, walishatoa tahadhari 2024, nikasoma, nikakopa hivyohivyo. Usinicheke.)

Mdogo wangu yule wa chuo nilipomsimulia ndo akaanza masomo yake, eti kuna Mmarekani anaitwa Edward Hall mwaka 1966 alishaandika kuhusu umbali wa watu, kwamba kwa Wamarekani aliowaangalia, chini ya sentimita 45 ni ya watu wa karibu kabisa, mume, mtoto, halafu kuanzia hapo mpaka kama mita 1.2 ndo marafiki. Nikamwambia basi huyo angekuja apande mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi aone hizo sentimita. Ila nikafikiria nikaona kuna kitu. Kioo cha inchi 6 na nusu hukioni vizuri mpaka uwe karibu nacho, watu wawili wakikiangalia pamoja lazima wagusane mabega, na wa kugusana nao sisi tunawajua. Wengine wote inabidi uwape simu yenyewe iende, na ikienda imeenda na mambo yako yote.

Ndo maana enzi za ile simu ya tochi ya mama yako hatukuwa na shida hii. Kioo kama kidole gumba, cha kuchungulia nini? Kilichokuwa kinavuja ni sauti, mtu anapigiwa anasimama uani na ukoo mzima unakaa kimya kusikiliza. Sisi wawili tulikuwa tunagawana hedifoni, sikio moja wewe moja mimi, vichwa vimegandana kama kumbikumbi, na hakuna aliyeona tatizo.

Anyway mdogo wangu akanionyesha kitu kwenye seting za usalama huko, unabandika programu moja tu, mtu uliyempa simu hawezi kutoka hapo mpaka uweke namba yako ya siri. Na meseji hazidondoki, nilihakikisha, nikamwambia anitumie tano. Jitahidi uitafute na wewe, hasa kwa vile mama mkwe wako anahamia.

Jumapili mzee kabla ya kuondoka akaomba tena video. Nikaibandika, nikapiga goti, nikampa, nikarudi kwa kabati nimetulia kama malkia. Dakika mbili hazijaisha akavua miwani, akaifuta, akavaa, akamgeukia mwanae: "Hii simu ya mkeo imekufa, kila nikigusa haitoki hapa. Mnunulie nyingine, mbona ada mmeshalipa?"

Nisalimie Ilham na baba yake.

Mama Zuwena