Barua kwa Baba, Kongwa: Kazi ya Kuendesha Mashtaka Huku Minnesota

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mbukwa, na salamu nyingi kwa Mama na kwa wote wa hapo nyumbani. Barua yako, ambayo mdogo wangu aliipiga picha na kunitumia, nimeisoma, na nimeona nisikujibu kwa simu kwa sababu swali ulilouliza linahitaji utulivu. Umesema kwamba sokoni Kibaigwa watu wanakuuliza binti yako anafanya kazi gani Marekani, na ukiwaambia kuwa ni mwendesha mashtaka, wanasema, "Kumbe anafunga watu." Umeniuliza pia kuhusu kesi ya wizi wa mbuzi inayomkabili kijana wa mjomba. Nitaanza na hilo la kwanza.

Nyumbani mashtaka ya jinai yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye huteuliwa na Rais, na mawakili wa serikali walioko Kigoma, Mtwara au hapo Dodoma hufanya kazi kwa niaba yake. Huku mambo yako chini ya serikali za mitaa. Jimbo la Minnesota lina kaunti 87, na kila kaunti ina mwanasheria wake anayechaguliwa kwa kura za wakazi kila baada ya miaka minne. Bajeti ya ofisi yake hupitishwa na makamishna wa kaunti, ambao nao huchaguliwa, kama madiwani wetu wanavyopitisha bajeti ya halmashauri. Mimi ni mmoja wa wasaidizi wa mwanasheria huyo. Makosa makubwa, yaani yale ambayo adhabu yake inaweza kuzidi kifungo cha mwaka mmoja, ni yetu. Mengi kati ya madogo huendeshwa na wanasheria wa miji.

Kuhusu kumchagua mwendesha mashtaka kwa kura, nakiri kuwa napenda wananchi wawe na uwezo wa kumwondoa mtu anayewaonea. Hata hivyo, mwaka wa uchaguzi ukifika, jalada lolote lililotajwa kwenye televisheni huwa zito kuliko uzito wake wa kweli, na hilo silipendi hata kidogo. Ibara ya 59B ya Katiba yetu inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka awe huru, asiingiliwe na mtu yeyote, na azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Mambo hayo matatu nimeyaandika kwa Kiswahili na kuyabandika juu ya meza yangu, na wenzangu wakiuliza huwatafsiria.

Sasa kazi yenyewe. Asubuhi ya Jumatatu nakuta majalada ya watu waliokamatwa mwishoni mwa wiki. Kanuni za hapa zinataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mbele ya jaji ndani ya saa 36, bila kuhesabu siku aliyokamatwa, Jumapili wala sikukuu. Kwa hiyo saa inakwenda huku ninasoma. Polisi wameleta maelezo, picha, na video za kamera wanazovaa kifuani. Ni juu yangu kuamua kama kuna kosa linaloweza kuthibitishwa, ni kosa gani, na kama ni haki kulishtaki. Watu wanadhani uzito wa kazi hii uko mahakamani, pale tunaposimama na kuhoji mashahidi, lakini mimi nauona zaidi kwenye meza hiyo, kwa sababu mtu akishashtakiwa, hata akiachiwa baadaye, ajira yake na jina lake vimeshaguswa. Jalada lisilotosha nalirudisha kwa mpelelezi pamoja na orodha ya mambo yanayokosekana, na lisilo na kosa nalifunga. Wewe umewaona watu wetu wakienda na kurudi mahakamani mwezi baada ya mwezi wakiambiwa kwamba upelelezi haujakamilika. Kwa ajili yao naona kuwa kukataa kushtaki mapema ni sehemu ya haki yenyewe.

Nitakueleza shauri moja, nikiwa nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha mtu. Mwanamke mmoja alikuja ofisini na mtoto wake wa miaka kama saba, akataka kufuta kesi dhidi ya mumewe. Alikuwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe, inayosema kwamba alianguka kwenye ngazi. Aliniambia kwamba kodi ya nyumba inalipwa tarehe moja na kwamba mwenye mshahara ni mume. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Lakini ndani ya jalada mlikuwa na sauti iliyorekodiwa ya simu ya dharura, ile namba 911, na aliyepiga alikuwa mtoto huyohuyo. Alikuwa akitaja namba ya nyumba tarakimu moja moja, polepole, kama anayesoma ubaoni, na nyuma yake ilisikika sauti ya mama ikikoroma kwa kukosa pumzi.

Huku, kumkaba shingo mtu wa nyumbani ni kosa kubwa, hata kama alama hazionekani, na mara nyingi hazionekani. Shauri linaitwa kwa jina la Jimbo dhidi ya mshtakiwa, kama kwetu linavyoitwa Jamhuri dhidi ya fulani, kwa hiyo aliyeumizwa hana uwezo wa kulifuta. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 2006 kwamba maneno ya mtu anayepiga simu kuomba msaada wakati hatari ingalipo yanaweza kupokelewa hata kama yeye hatatoa ushahidi. Basi niliendelea nalo. Lakini sikuyapuuza maneno ya mama yule, kwa sababu kodi ya nyumba ni jambo la kweli. Nilikaa naye pamoja na mfanyakazi wetu anayewahudumia waathirika, tukatafuta msaada wa kodi kwanza, na ndipo nikazungumza na wakili wa mume. Alikiri kosa. Jaji alimweka chini ya uangalizi badala ya kumpeleka gerezani, akamwamuru asifike katika nyumba ile, ahudhurie mafunzo kwa muda mrefu na aendelee kufanya kazi ili atoe matunzo ya mtoto. Mama yule aliondoka bila kuniaga, na sikumlaumu.

Baba, wewe umesuluhisha ugomvi wa ndoa nyingi hapo kijijini, na najua kuna nyumba zilizosimama kwa busara yako. Kwa heshima zote nakuomba jambo moja: mtu akija kwako na habari ya kukabwa shingo, usilimalize kifamilia. Mpeleke polisi kwenye dawati la jinsia siku hiyohiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaosema ninafunga watu hawalijui. Ninalazimika kumpa wakili wa mshtakiwa kila kitu nilicho nacho kinachoweza kumsaidia mteja wake, hata kile kitakachoivunja kesi yangu. Sheria hiyo ilitokana na shauri la John Brady dhidi ya jimbo la Maryland lililoamuliwa mwaka 1963, ambapo upande wa mashtaka ulikuwa umeficha maelezo ya mtu aliyeshirikiana na Brady, ambaye alikiri kwamba yeye ndiye aliyeua. Kabla ya hapo, mwaka 1935, majaji walikwisha kusema kwamba mwendesha mashtaka anaruhusiwa kupiga mapigo makali, lakini haruhusiwi kupiga mapigo machafu.

Ulitaka kujua kama huku kuna washauri wa mahakama, kama ulivyokuwa wewe katika mahakama ya mwanzo. Wapo wananchi wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, 12 kwa kosa kubwa, na wote lazima wakubaliane. Ninyi mlipiga kura pamoja na hakimu na wengi ndio walioamua. Ila mashauri machache tu hufika mbele yao, kwa kuwa zaidi ya tisa katika kila hukumu kumi za hatia hutokana na makubaliano ya kukiri kosa, utaratibu ambao hata kwetu uliingizwa katika sheria mwaka 2019. Mimi huutumia kila wiki, na huuogopa pale mshtakiwa anapokuwa mahabusu na hana fedha, kwa sababu mtu wa namna hiyo anaweza kukiri lolote ili arudi kwa watoto wake.

Sasa kesi ya kijana wa mjomba. Mjomba ameomba nimpigie mtu simu katika Ofisi ya Taifa ya Mashtaka hapo Dodoma. Sitapiga, na tafadhali mwambie kwa upole kwamba kazi hii hainiruhusu, na kwamba simu kama hiyo inaweza kumharibia kijana. Yapo mambo ambayo kijana anaweza kuyafanya mwenyewe. Wizi wa mbuzi ni kosa linalodhaminika, kwa hiyo aombe dhamana mahakamani akiwa na wadhamini wenye barua ya mtendaji wa kijiji, na asimlipe mtu yeyote kwa ajili hiyo. Kama ni kweli kwamba mbuzi wale walinunuliwa mnadani, atafute stakabadhi ya mnada na kibali cha kusafirishia mifugo, na aandike jina la muuzaji na alama za masikio ya kila mbuzi kabla hajasahau. Mdogo wangu amsindikize kwa wasaidizi wa kisheria, ambao hawatozi ada. Nauli ya mjomba ya kwenda mahakamani nitaituma kwa simu siku ya Ijumaa. Upande wa mashahidi wa mlalamikaji asikanyage kabisa, wala asiwape hata shilingi moja.

Ni mimi binti yako.